Nino Salukvadze: vita nyumbani, adui jukwaani, wakakumbatiana

Tarehe 10 mwezi wa nane 2008, wanawake wawili walisimama kwenye jukwaa la medali la Olimpiki mjini Beijing. Natalia Paderina wa Urusi alikuwa amepata fedha, Nino Salukvadze wa Georgia shaba. Siku hizo majeshi ya nchi zao yalikuwa yanapigana, na mabomu yalikuwa yanaanguka katika ardhi ya Georgia. Mbele ya kamera za dunia nzima, marafiki hao wa miaka mingi wakakumbatiana na kubusiana shavuni.

Timu ya Georgia ilikuwa imefikiria kufunga mizigo na kurudi nyumbani, lakini ikabaki. Nino akaingia kushindana akiwa na mawazo ya vita kichwani. Katika bastola ya hewa, mchezaji anasimama mita 10 kutoka kwenye shabaha, anashika silaha kwa mkono mmoja. Duara la pointi 10 lina upana wa milimita 11.5 tu. Moyo ukienda mbio, mkono unatikisika, pointi zinapotea.

Nino alizaliwa Tbilisi mwaka wa 1969, wakati Georgia ilikuwa ingali ndani ya Umoja wa Kisovieti. Baba yake, Vakhtang, ndiye alikuwa kocha wake. Kule Seoul mwaka wa 1988, akiwa na miaka 19, alipata dhahabu katika bastola ya mita 25 na fedha katika mita 10. Umoja huo ulipovunjika, alibaki na mchezo wake, na tangu Atlanta 1996 alishindana chini ya bendera ya Georgia. Kutoka dhahabu ya Seoul hadi shaba ya Beijing ilipita miaka 20.

Rio mwaka wa 2016 alishiriki pamoja na mtoto wake, Tsotne Machavariani, naye mpiga bastola. Mama na mwana kushindana katika Olimpiki moja, hiyo haikuwahi kuonekana.

Baada ya Tokyo alitaka kupumzika. Baba yake, mzee wa miaka zaidi ya 90, akamwomba aendelee hadi Paris. Nino akakubali. Mwaka wa 2024, akiwa na miaka 55, akawa mwanamke wa kwanza kushiriki Olimpiki 10.

Hakufika fainali, na baba yake alikuwa amekwisha kufariki. Lakini ombi la mzee lilikuwa limetimizwa.