Masika yakiingia, Vespa hulala ukumbini

Kariakoo, nafasi ya kuegesha baiskeli moja watu wanaweza kuigombania asubuhi nzima. Korido zimekuwa maduka, ngazi zimekuwa stoo, na chini ya ngazi yupo anayeuza chaja za simu. Kwa hiyo ile Vespa ilinishangaza. Iko kwenye ukumbi wa nyumba ya zamani ya vyumba sita, upande wa Gerezani, imeinuliwa juu ya matofali na kufunikwa shuka la pamba. Wapangaji wanaokwenda uani na ndoo zao wanaipisha kwa ubavu, wala hakuna anayenung'unika. Haiuzwi na haiko matengenezoni. Imelazwa mpaka masika yaishe.

Fundi aliyeilaza ni mzee wa maneno machache, mpaka umuulize kuhusu kutu. Hakutaka jina lake litoke gazetini. Wateja wanamjua, basi. Riziki yake ya kila siku inatoka kwenye boda za Kihindi na Kichina, ambazo spea zake zimejaa madukani hatua chache kutoka alipokaa. Vespa anazishika kwa miadi, na mwezi Machi ndio miadi hujaa.

"Chombo kikitembea kinajisema," aliniambia baada ya kuitikia shikamoo yangu. "Kikisimama kinaoza kimyakimya, mwanangu, na mwenyewe anadhani amekitunza."

Historia ya Vespa wengi wanaijua. Piaggio wa Italia waliitoa mwaka 1946 kwa mchoro wa Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege ambaye pikipiki zenyewe hakuzipenda. Miaka ya 1960 Bajaj wa India wakawa wanaziunda kwa leseni, kampuni ileile ambayo magurudumu yake matatu leo yamejaa Mtaa wa Msimbazi. Hii ya ukumbini ni ya ukoo wa PX, ulioanza mwaka 1977: gia nne za kuzungusha kwa mkono wa kushoto, matairi ya inchi 10, na petroli inayochanganywa na oili.

Jambo ambalo D'Ascanio alilifanya, na ambalo linamkosesha fundi wetu usingizi kila Aprili, ni kuondoa fremu ya mabomba. Vespa haina chesisi iliyojificha chini ya bodi. Bati unaloliona ndilo linalobeba injini, tangi na abiria. "Pikipiki nyingine ukiivua nguo unaikuta mifupa," alisema. "Hii nguo ndiyo mifupa."

Akaniinamisha nitazame. Alifunua kapeti la mpira la kuwekea miguu, akawasha tochi ya simu, kisha akaanza kugonga sakafu kwa mpini wa bisibisi, polepole, kutoka shingoni kwenda nyuma. Ti, ti, ti. Bati zima linalia kwa sauti kavu, ya juu. Akafika karibu na kanyagio la breki, mlio ukabadilika: du. Hakusema kitu. Akarudi nyuma kidogo, ti, akasogea tena, du, akachora duara kwa chaki pale mlio ulipozama. Kwa juu rangi ilikuwa nzima, inang'aa. Lakini chini ya sakafu kuna mihimili ya bati iliyounganishwa na sakafu yenyewe, na katikati yake tope likishaingia halitoki. Linakaa na unyevu wake, linakula bati kutoka ndani. Mwenye chombo hupata habari siku kisigino kinapotoboa bati.

Kwa hiyo kazi ya kuilaza huanza na maji ya bomba, mengi, ya kupigwa kwa chini. Ulaya wenye pikipiki kama hizi wanazificha kukwepa chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Hapa chumvi inakuja na upepo wa bahari, na bandari haiko mbali. Ikishaoshwa, Vespa inaanikwa jua mpaka ikauke kabisa, ndipo chini inapakwa oili chafu kwa brashi.

Injini ina taratibu zake. Koki ya petroli inafungwa huku injini inaunguruma, inaachwa inywe kilichobaki kwenye kabureta mpaka ijizimie, maana petroli ikikaukia humo inaacha gundi na kuziba vitundu. Plagi inafunguliwa, kijiko cha oili ya 2T kinamiminwa ndani ya silinda, kiki inakanyagwa taratibu ili oili ienee. Mkono wa klachi unavutwa na kufungwa kwa ukanda wa tyubu, sahani zisishikane. Mdomo wa ekzosi unazibwa kwa tambara, kwa sababu panya wa Kariakoo hawachagui nyumba. Betri anaondoka nayo.

Na shuka? Kwa nini si turubai, na mapaa haya yanavuja? Akacheka. Turubai linazuia tone la juu na kufungia mvuke wa chini. Pamba inapumua.

Kwenye tangi anapingana na vitabu. Miongozo mingi inataka lijazwe pomoni, hewa yenye unyevu isipate pa kukaa na kuleta kutu. Yeye analikausha, anamimina oili kidogo, analigeuzageuza mpaka kuta zote za ndani zilowe. Aliponiona sijaridhika, alinionyesha jiko la mkaa mlangoni pa chumba cha pili. Soko Kuu liliungua Julai 2021, na watu wa mtaa huu hawajasahau. "Kutu nitaikwangua," alisema. "Ukumbi ukiwaka nitaukwangua na nini?"

Mwenye Vespa, mstaafu, angeweza kuiendesha hata kwenye mvua, injini haijali. Kinachomtisha ni Jangwani. Bonde la Msimbazi likijaa, barabara inakuwa mto, na aliyeona mafuriko ya Desemba 2011 hahitaji kuhubiriwa. Vespa ni fupi, injini yake iko chini kando ya gurudumu.

Lakini mvua siyo inayowaweka macho mwaka huu. Nyumba yenyewe ni ya urithi, na warithi wanaongea na mwekezaji. Nyumba za Kiswahili za mtaa huu zinabomolewa moja baada ya nyingine kupisha maghorofa ya fremu za biashara, na fremu hazina ukumbi. Mstaafu hulipa kidogo kwa ajili ya kona yake, kwa makubaliano ya mdomo na bibi mwenye nyumba ambaye sasa ni marehemu. Warithi wanayajua makubaliano hayo? Fundi hakujibu. Je, vijana wake wawili, wanaofungua injini ya boda macho yamefumba, watataka kujifunza kugonga bati na kusikiliza? Hilo nalo alilipisha.

Nikamuuliza basi masika yajayo Vespa italala wapi.

"Wewe unakaa ghorofa ya ngapi?"

"Ya nne."

"Lifti ipo?"

"Ipo. Siku nyingine haifanyi kazi."

Akaitazama Vespa kutoka taa ya mbele hadi ya nyuma, akapiga hesabu kwa sauti: kilo mia na ushei, ghorofa nne, vijana wanne. "Kupanda itapanda," alisema. "Muulize mwenye nyumba wako kama atakubali."