Pikipiki ya Kikundi Imekosa Cheche: Tupime Kwanza, Tununue Baadaye



Kikundi kimoja cha akina mama tunachokitembelea kina pikipiki ndefu, ile ya kupanda milima na kupita kwenye matope. Hiyo ndiyo inayoteremsha maziwa kila asubuhi. Siku moja baada ya mvua ilikataa kuwaka. Fundi aliyeitwa aliitazama kidogo tu, akasema, "Mama, hii ni CDI imekufa. Leteni pesa."

Pesa zikatolewa kwenye mfuko wa kikundi. CDI mpya ikafungwa, wapi! Ikanunuliwa na koili. Bado. Maziwa yakaharibika siku nne, na mweka hazina akaanza kuulizwa maswali ya kuumiza, kana kwamba yeye ndiye amekula pesa. Mwishowe kijana mmoja aligeuza usukani huku mwenzake akipiga kiki, na cheche ikaonekana. Waya wa swichi ya kuzima ulikuwa umechunika karibu na shingo ya usukani, shaba ikawa inagusa chuma. Dawa yake ilikuwa kipande cha tepu ya stima.

Kwa hivyo tumeona tueleze jambo hili hatua kwa hatua.

STIMA INATOKA WAPI?

Kwenye pikipiki nyingi ndogo za aina hii, magneti iliyo ubavuni mwa injini hutengeneza stima inapozunguka. Stima hiyo huingia CDI, kile kisanduku cheusi, ambacho huiweka na kuiachilia kwa ghafla. Koili huipandisha hadi maelfu ya volti. Kisha hupita kwenye waya mnene na kofia ya plagi, na kuruka kwenye ncha ya plagi.

Sasa sikilizeni vizuri. Kwenye pikipiki nyingi za namna hii, swichi haizimi injini kwa kukata waya. Inazima kwa kuunganisha waya wa kuzima na chuma cha pikipiki, stima ikapotelea huko. Basi waya huo ukichunika na kugusa chuma, ni kama mtu ameshikilia swichi ya kuzima siku nzima.

HATUA ZA KUFUATA

1. Hakikisha shida ni cheche. Je, petroli ipo? Ufunguo na swichi ya kuzima viko upande wa kuwaka? Piga kiki mara kadhaa, kisha fungua plagi. Ikiwa kavu kabisa, anza na njia ya petroli. Ikiwa imelowa petroli, shuku cheche.

2. Pima cheche. Rudisha plagi ndani ya kofia yake na uilaze ili chuma chake kiguse chuma cha injini, mbali na tundu ilimotoka. Mwenzako apige kiki. Fanyeni kivulini ili muone vizuri. Cheche nzuri ni ya buluu na yenye nguvu. Cheche nyekundu au ya manjano ni dhaifu.

ONYO: Ziba tundu la plagi kwa kitambaa na uondoe chombo chochote cha petroli, kwa maana mvuke wake unaweza kulipuka. Usishike plagi kwa mkono mtupu, stima hiyo inarusha. Pia usipige kiki wakati plagi inaning'inia bila kugusa chuma, unaweza kuharibu koili na CDI.

3. Jaribu plagi nyingine unayojua ni nzima. Hiki ndicho kifaa cha bei ndogo, kwa hivyo kianze. Kisha angalia kofia. Nyingi hufunguka kwa kuzungushwa. Ikiwa ncha ya waya mnene imeoza, na waya una urefu wa kutosha, kata kidogo na uifunge tena.

4. Tenga waya wa kuzima. Uchomoe pale unapoingia CDI, halafu pima tena. Cheche ikirudi, CDI yako ni nzima! Ubaya uko kwenye swichi au waya wake. Fuata waya huo mpaka kwenye usukani, hasa mahali unapojikunja. Kumbuka, injini ikiwaka hivyo haitazimika kwa swichi. Shika breki, tia gia na uachilie klachi polepole mpaka izime.

Ikiwa CDI ya pikipiki yenu inatumia stima ya betri, hatua hii haifai. Hapo angalieni betri, fyuzi, na kama stima inafika CDI ufunguo ukiwa umewashwa.

5. Safisha viungo. Fungua kila soketi, toa matope na kutu, kausha, rudisha. Kwaruza pale koili inapofungwa kwenye fremu mpaka chuma king'ae. Rangi na kutu huzuia stima kupita.

6. Azima kabla ya kununua. Sasa ndipo mnajaribu koili, halafu CDI, kutoka pikipiki nzima ya aina hiyo hiyo. Vikikataa vyote, fundi mwenye mita apime magneti. Mara nyingi duka la spea halipokei tena kifaa cha stima kilichokwisha fungwa.

DAFTARI LA PIKIPIKI

Muwe na daftari. Andikeni tarehe, dalili, kilichopimwa, kilichonunuliwa na nani walikubali. Yule mweka hazina angekuwa nalo, angefungua ukurasa tu na maneno yangekwisha.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kikundi chetu, ni nani anayejua kupima cheche? Akisafiri je?
2. Mara ya mwisho tuliponunua spea, tulipima nini kwanza?
3. Fundi akisema "leteni pesa", tutamwomba atuonyeshe nini?