Bei iko kwenye simu, faida iko kwenye swali

MAFIGA, Morogoro – Kijana mwenye simu janja hupata bei ya viazi mviringo kwa dakika moja. Mzee aliyezeekea sokoni huvaa miwani kwanza, na pengine humwomba mjukuu amwandikie. Hata hivyo, hesabu za jioni zinapofungwa, mwepesi wa vidole si lazima awe ndiye aliyepata.

Wizara ya Viwanda na Biashara hutangaza bei za jumla za mazao makuu, viazi mviringo vikiwemo, kwa gunia la kilo 100, ikionyesha bei ya chini na ya juu kwa mikoa. Mgeni wa biashara huandika "bei ya viazi" na kushika bei ya kwanza anayoiona. Mzoefu huuliza zaidi: soko lipi, siku gani, kilo ngapi?

Swali la kilo ndilo lenye fedha. Tuchukulie bei ni Sh. 90,000, yaani Sh. 900 kwa kilo. Kijana aliyeshusha viazi kutoka Mgeta akiuza lumbesa ya kilo 130 kwa Sh. 95,000, atajiona amepata Sh. 5,000 za ziada. Kumbe mzigo huo ulistahili Sh. 117,000; amepoteza Sh. 22,000. Kwa magunia 10 ni Sh. 220,000. Sheria ya vipimo inakataza lumbesa, lakini simu haimwambii hilo asiyeuliza.

Hali hii si ya Mafiga pekee. Watafiti wa Microsoft walionyesha mwaka 2009 kwamba wajuzi wa fani, ikiwemo ya fedha, huandika maswali marefu zaidi yenye msamiati wa kazi yao, na hufanikiwa zaidi katika fani hiyo. Mwaka huohuo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois waliwapima vijana na wazee kwa maswali ya afya. Palipotajwa jambo mahsusi la kutafuta, vijana walishinda. Palipotolewa maelezo ya jumla tu, ujuzi wa wazee uliwabeba.

Kwa mfanyabiashara, funzo ni kuunganisha nguvu: kijana ashike simu, mzee atunge swali. Kabla ya kukubali bei yoyote, igeuze iwe ya kilo moja, tazama tarehe yake, kisha mpigie mtu aliyeko sokoni.