"Macho Mekundu": Jina la Ugonjwa au la Dalili?

Mwezi Januari 2024 Wizara ya Afya ya Tanzania ilitangaza kuzuka kwa ugonjwa wa macho uletwao na virusi, na kwa muda mfupi jina "macho mekundu" likaenea vinywani mwa watu. Jina hilo ni jepesi, na kila mtu hulielewa. Hata hivyo, mfasiri hana budi kujiuliza: je, wekundu ni ugonjwa, au ni dalili tu?

Tiba ya kisasa huupa ugonjwa huu jina kwa kufuata mahali unaposhambulia. Upo utando mwembamba ufunikao weupe wa jicho na upande wa ndani wa kope. Utando huo ukidhuriwa hupata mchochota: mishipa ya damu hutanuka, jicho likawa jekundu, likatoa machozi au tongo. Visababishi ni vingi, vikiwamo virusi, bakteria, mzio, moshi na vumbi. Mchochota wa virusi na wa bakteria huambukiza. Ule wa mzio, moshi au vumbi hauambukizi.

Waganga wa kale wa Uhindi, katika tiba ya Ayurveda, walifuata njia nyingine. Waliuita abhishyanda, neno la Kisanskriti lenye maana ya kuchuruzika. Yaani, walitazama kitokacho jichoni. Kitabu cha Sushruta kinaugawa katika aina nne: tatu kwa kufuata vata, pitta na kapha, nguvu ziaminiwazo kuutawala mwili, na ya nne kwa kufuata damu. Kitabu hicho hicho kinautaja miongoni mwa maradhi yaeneayo kwa kugusana, kula pamoja na kutumia nguo au kitanda kimoja. Juu ya kisababishi, waganga hao na daktari wa leo hawapatani. Juu ya kujikinga wanakaribiana, kwani naye huagiza taulo isichangiwe na mikono inawiwe kwa sabuni.

Basi, kati ya majina hayo matatu, la rangi, la mchuruziko na la mahali, la rangi ndilo lenye utata zaidi. Utata huo una uzito wa pekee katika mikoa ya Shinyanga na Geita. Katika Usukuma wako wanawake wazee waliouawa kwa kudhaniwa wachawi, na macho mekundu yamehesabiwa kuwa alama ya uchawi. Kumbe wengi wao wamepika miaka mingi kwa kuni au mavi makavu ya ng'ombe katika jiko lisilo na dirisha, na moshi ukawaharibia macho. Kijana asagaye mawe ya dhahabu machimboni naye huweza kutoka na macho mekundu kwa sababu ya vumbi, wala hashukiwi. Rangi ni ile ile. Hukumu si ile ile.

Kwa hiyo tunapendekeza "macho mekundu" libaki jina la dalili, na ugonjwa uitwe "mchochota wa utando wa jicho", ukifuatwa na kisababishi chake: wa virusi, wa bakteria, wa mzio, wa moshi. Mwalimu afundishapo hivyo, na mtendaji wa kijiji aandikapo hivyo katika ubao wa matangazo, watu watatambua ni nani akae mbali na wenzake kwa siku chache, na ni nani ahitajiye jiko lenye dirisha. Aidha, ieleweke kwamba jicho liumalo sana au lenye kuona ukungu lipelekwe hospitali upesi, bila kutiwa dawa yoyote ya kubahatisha.