Kwa Nini Fomu ya Mtandaoni Husahau Ulichojaza

Mwombaji wa leseni ya biashara hujaza jina, namba ya mlipa kodi, kata na aina ya biashara yake. Akikosea tarakimu moja, huenda fomu ikamrudia ikiwa tupu, naye akaanza upya huku gharama ya kukodi kompyuta ikiongezeka. Wengi hujilaumu, ilhali chanzo ni kingine.

Mawasiliano ya tovuti, yaliyobuniwa na Tim Berners-Lee akiwa CERN, Uswisi, yana utaratibu mwepesi: kivinjari hutuma ombi, seva hujibu, kisha humsahau aliyeomba. Ni kama dirisha la ofisi ambalo karani wake hubadilishwa kila mara. Kila ujapo, humkuta mgeni asiyejua ulichomweleza mwenzake. Kwa hiyo ni wajibu wa mtengeneza programu kuhakikisha kuwa taarifa hazipotei kati ya ombi moja na jingine.

Njia zitumikazo ni tatu. Kwanza, kosa likigunduliwa, programu huurudisha ukurasa pamoja na majibu yote, isipokuwa nywila, na kuonyesha penye kosa. Pili, katika fomu ya kurasa kadhaa, majibu ya awali hubebwa ndani ya sehemu zilizofichwa. Kwa kuwa mtumiaji aweza kuyabadilisha, seva sharti iyahakiki upya. Tatu, seva hufungua jalada la muda na kukipa kivinjari namba ya jalada hilo katika kidakuzi, mbinu iliyoanza mwaka 1994.

Jalada hilo lina ukomo. Katika lugha ya PHP, muda uliowekwa tangu awali ni sekunde 1,440, yaani dakika 24, mtengenezaji asipoubadilisha. Anayeondoka kutafuta cheti nyumbani aweza kurudi akute jalada limekwisha kufutwa.

Basi, kusanya nyaraka zote kabla ya kuanza, hifadhi kila ukurasa panaporuhusiwa, wala usizuie vidakuzi. Ukitumia kompyuta ya umma, toka kwenye akaunti yako kabla ya kuinuka, maana ajaye aweza kulikuta jalada lako wazi.

Fomu ikikurudia tupu kwa kosa dogo, toa taarifa katika Kitengo cha TEHAMA cha Halmashauri, ukieleza ukurasa na saa ya tukio. Kasoro hiyo ni ya programu, si ya mwananchi, nayo hurekebishika.