Shilingi 2,000 za kitoka nyumba

Kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu haina mwanasheria nchini asiyeijua. Kila wanandoa wakiachana na kugombea nyumba, lazima itajwe. Nami niliifungua kwa hamu hiyohiyo ya kujua nani aliambulia nini, nikanasa kwenye fedha ambazo mawakili huzipita mbio: shilingi 2,000 ambazo mume alimpa mwanamke aliyekwisha kumwacha. Kitoka nyumba.

Ndoa yao ilivunjwa mwaka 1980 katika Mahakama ya Mwanzo ya Wilaya ya Ilala, hapa Kariakoo. Talaka ilikuwa ya Kiislamu, na mutaa, yaani hiyo kitoka nyumba, ikatolewa kama inavyoelekezwa katika Surat al-Baqara, aya ya 241: walioachwa wapewe cha kuwaliwaza, kwa wema.

Hebu zitazame fedha za ndoa zetu. Kuna mahari, kuna mkaja wa mama, kilemba cha baba, na siku yenyewe bwana harusi husimamishwa mlangoni mpaka atoe kifungua mlango, huku masomo wakimcheka. Zote hizo hutolewa na mtu anayetaka kitu, tena anakitaka usiku huohuo. Kitoka nyumba haina vigelegele wala mshenga. Anayeitoa hatarajii tabasamu, chakula wala kitanda. Hamtaki tena yule anayempa, na bado ametakiwa asimwache aondoke mikono mitupu. Sijui kama kuna mahali pengine ambapo kupenda kunavuliwa tamaa namna hii na kubaki peke yake, kama kweli kumebaki.

Kabla ya kutoka kuna eda. Surat at-Talaq inakataza mke kufukuzwa nyumbani katika muda huo, kwa hiyo walioachana kwa talaka rejea hubaki chini ya paa moja miezi mitatu hivi. Anayeijua Kariakoo ya kabla ya maghorofa anaelewa maana yake: ukumbi mmoja katikati, vyumba huku na huku, uani jiko na choo cha wote, na wapangaji wenye masikio. Unamsikia akikohoa usiku. Unajua hajala. Ukimpelekea uji, umemrudia au umemhurumia tu?

Mahakama ya Mwanzo haikujisumbua na maswali hayo. Ilisema Bi Hawa ni mke tu, nyumba imenunuliwa kwa fedha za mume, basi hana fungu. Hapo ndipo anapoingia Francis Nyalali, aliyekuwa Jaji Mkuu tangu mwaka 1977, na sauti yake ndiyo iliyonifanya niisome hukumu ya Mahakama ya Rufani ya 1983 hadi mwisho. Majaji wa Mahakama Kuu walikuwa wamegawanyika: wengine wakiona kupika, kufua na kulea ni wajibu wa mke usiohesabika, wengine wakiona ni jasho kama jasho jingine. Nyalali hakuzungumza kama mtu anayetoa sadaka. Aliuliza Sheria ya Ndoa ya 1971 ilikusudia kutibu maradhi gani, akajibu: kunyonywa na kukandamizwa kwa wanawake walioolewa. Akaendelea kwamba ustawi wa familia ni sehemu ya lazima ya shughuli za kiuchumi za mtu mwenye familia, hivyo anayeutunza amechangia kupatikana kwa mali. Maneno makavu, ya kiuchumi kabisa. Lakini nikiyasoma namwona mtu anayekataa miaka ya mapishi iitwe mapenzi ili isilipwe.

Na hata hivyo Bi Hawa alishindwa. Mume alikuwa amempa fedha za kuanzisha biashara ya familia, zikaisha, na mahakama ikaona fungu lake lilikuwa limekwenda humo. Hoja yake ikawafaa wanawake waliokuja nyuma yake, yeye mwenyewe hakupata kitu kwenye nyumba. Naliona jambo hilo kuwa la kikatili, ingawa sina hoja ya kisheria ya kulipinga.

Siku hizi kitoka nyumba nyingine hupita kwenye simu. Mwanamume anamtumia mama wa mtoto wake fedha za matumizi, na wapo wanaoongeza ya kutolea ili kiasi kisipungue kwa wakala. Sheria ya matunzo inamdai ya mtoto. Hiyo ya kutolea hajadaiwa na mtu. Mke mpya akiiona kwenye ujumbe wa muamala atauliza maswali, na ana haki ya kuuliza. Mume atajibu nini, ikiwa kweli hana mpango wa kurudi na kweli hataki yule mwingine akatwe hata shilingi?

Sheria ingeuliza kama ndoa ilikuwa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, na ingeishia hapo. Zile 2,000 za Ally Sefu zimeandikwa kama kiasi tu, bila neno la namna alivyozitoa. Alizihesabu mbele ya mashahidi ili deni liishe, au alizitoa na kuuliza Bi Hawa atalala wapi?