Ravioli za Bata: Hesabu ya Maji Ndani ya Karai

Weka karai la mafuta ya alizeti motoni, yaache yafike nyuzijoto 175, kisha tumbukiza ravioli moja. Papo hapo mafuta yanapiga kelele na kujaa mapovu. Mtu akikuambia kwamba mafuta yamechemka, mkatalie kwa heshima. Mafuta ya kupikia hutoa moshi na kuungua kabla hata hayajakaribia kuchemka. Kinachochemka pale ni maji yaliyokuwa ndani ya unga, na kila povu ni mvuke unaotafuta njia ya kutokea.

Vitabu vya mapishi vinavyofundisha ravioli huhimiza unga gani ununue na nyama uitie viungo gani. Hayo ni sawa, lakini ravioli nyingi zinazoharibika nyumbani huharibiwa na maji: yamepungua kwenye unga, yamezidi kwenye nyama, au yamegeuka mvuke mahali pasipo na tundu. Nimemchagua bata kwa sababu kwake mambo hayo yote huonekana waziwazi, na kwa sababu nyama yake ni tamu kuliko ya kuku, ingawa najua wapo watakaobisha.

Waitalia wanajaza nyama, jibini na mboga ndani ya unga tangu zamani. Boccaccio, katika Decameron ya karne ya 14, anasimulia nchi ya kubuni yenye mlima wa jibini la Parmesan lililokunwa, ambako watu hawana kazi nyingine ila kutengeneza makaroni na ravioli na kuzipika kwenye supu ya jogoo aliyehasiwa. Bata naye ana heshima yake huko: Veneto mchuzi wake huliwa na tambi nene ziitwazo bigoli, na Toscana huliwa na pappardelle, zile tambi pana kama utepe. Kumkatakata mchuzini na kumfungia ndani ya ravioli ni hatua fupi tu.

Tuanze na nyama yenyewe. Kidari cha kuku ni cheupe kwa sababu kuku hutumia mbawa zake kwa kuruka kidogo tu, kisha anatua. Bata wengi wa kufugwa duniani wametokana na Anas platyrhynchos, bata-mwitu anayeweza kusafiri mamia ya kilomita angani. Misuli ya safari ndefu huhitaji oksijeni bila kukatika, na protini inayoihifadhi ndani ya msuli, mayoglobini, ni nyekundu. Ndiyo maana kidari cha bata hufanana na nyama ya ng'ombe kuliko ya kuku. Kidari hicho ukikipika muda mrefu kwa ajili ya kujazia, kitakauka na kuwa kama nyuzi za katani. Kile kikaangwe peke yake. Cha kujazia ravioli ni paja.

Paja limejaa kolajeni, ile protini ngumu inayoshikilia misuli na mifupa. Kwenye maji yanayotokota polepole, chini kidogo ya nyuzijoto 100, kolajeni hujifungua na kuwa jelatini. Kazi hiyo haiharakishwi kwa kuongeza moto, maana moto mkali hukamua maji ya nyama kabla kolajeni haijalegea. Saa mbili hadi tatu hutosha kwa bata mchanga. Bata tuliowazoea uani Afrika Mashariki, wale wenye ngozi nyekundu ya vinundu usoni, ni jamii nyingine, Cairina moschata, waliotoka Amerika ya Kati na ya Kusini. Hawa wana mafuta machache, na dume lao likizeeka litakuweka jikoni mchana kutwa. Usikate tamaa; paja gumu mara nyingi lina kolajeni ya kutosha kukulipa fadhila.

Weka mapaja kwenye sufuria pamoja na kitunguu, karoti, jani la bay na chumvi. Waitalia huongeza divai. Asiyeitumia atie supu na maji kidogo ya ndimu mwishoni. Nyama ikianza kuachia mfupa, iepue, ichambue, uikatekate kwa kisu. Sitaki mashine ya kusaga hapa, inaifanya nyama kuwa uji. Mchuzi uliobaki uenguliwe mafuta, kisha uchemshwe peke yake hadi ushike kwenye mgongo wa kijiko, ndipo urudishwe kwenye nyama pamoja na jibini gumu lililokunwa na kiini cha yai. Tandaza mchanganyiko huo kwenye sinia upoe upesi, uuingize kwenye friji kabla ya saa mbili kupita.

Asubuhi utaukuta umeganda, unakatika kwa kisu. Maji hayajaondoka, yamenaswa kwenye wavu wa jelatini, na yaliyonaswa hayatiririki kwenda kulowesha unga. Jelatini hiyo huyeyuka kwenye joto la chini kidogo ya joto la mwili wa binadamu, kwa hiyo ravioli ikishaiva, mlaji anakutana na mchuzi mzito ulioingia ukiwa kitu kigumu. Wapishi wa Shanghai hutumia ujanja huohuo kuingiza supu ndani ya maandazi yao ya mvuke.

Mafuta yaliyoenguliwa usiyamwage, viazi vitayafurahia. Lakini yasibaki kwenye mjazo. Takriban nusu ya mafuta ya bata ni ya aina isiyoganda kirahisi, ndiyo maana hulainika hata kwenye joto la kawaida la chumba, na yakipaka kingo za unga, kingo hizo hazitashikana hata uzibane kwa uma.

Unga nao una historia yake, na inapita mji wa Bologna, makao ya tortellini. Mwaka 1728 msomi wa mji huo, Jacopo Bartolomeo Beccari, alieleza jinsi alivyokanda unga wa ngano kwa maji kisha akauosha. Wanga ulichukuliwa na maji, mkononi likabaki donge la kunata lenye tabia ambazo watu wa wakati wake walizijua kwa vitu vya wanyama. Maelezo hayo yalichapishwa mwaka 1745. Donge lile ndilo gluteni, na yeyote anaweza kurudia jaribio lake bombani kwa dakika chache.

Gluteni haimo kwenye unga mkavu ikiwa tayari. Huundwa pale maji yanapozikutanisha protini mbili: glutenini, inayoupa unga nguvu ya kurudi ukivutwa, na gliadini, inayouruhusu kunyooka. Kanuni ya majumbani Italia ni yai moja kwa gramu 100 za unga. Yai lisilo na ganda lina uzito wa gramu 50 hivi, na robo tatu yake ni maji. Ukijumlisha unyevu uliomo kwenye unga wenyewe, utaona kwamba theluthi moja ya donge lako ni maji. Ni machache. Ndiyo sababu donge la ravioli huonekana kavu na kaidi mwanzoni, na wengi hukimbilia kuongeza maji. Wasubiri. Kanda dakika kumi, lifunike, liache lipumzike nusu saa. Katika nusu saa hiyo maji yanasambaa hadi kwenye chembe ambazo hayakuzifikia, na wavu wa gluteni unalegea. Ukilisukuma kabla ya hapo litajikunja na kurudi lilikotoka.

Lisukume mpaka liwe na unene wa kama milimita moja. Mashine ya tambi hurahisisha, ila kifimbo cha kusukumia chapati kinaweza, kwa anayejua kukitumia. Weka vijiko vidogo vya mjazo ukiwa baridi, lowesha kingo kwa kidole chenye maji, funika, kisha sukuma hewa kutoka katikati kwenda nje kabla ya kubana. Unga mkavu ulionyunyizwa usibaki kwenye kiungo.

Kuhusu hewa, wapishi huilaumu kupita kiasi. Hewa ikipashwa kutoka nyuzijoto 25 hadi 175, ujazo wake unafika mara moja na nusu tu ya ule wa mwanzo. Gramu moja ya maji ikigeuka mvuke kwa nyuzijoto 100 hujaza karibu lita 1.7. Anayepasua ravioli ni mvuke. Kosa la hewa ni kumwandalia chumba. Wapishi wa sambusa wa pwani hawakuhitaji hesabu hiyo: nyama yao hukaushwa kabisa kabla ya kuingia kwenye manda, na kona hufungwa kwa gundi ya unga. Ravioli za bata haziwezi kukaushwa kiasi hicho bila kupoteza ladha, kwa hiyo tunatumia baridi badala ya ukavu. Mjazo uliotoka kwenye friji huchukua muda kupata moto, na ganda la nje huwahi kuiva kabla katikati hakujafikia kuchemka.

Kukaanga ravioli ni sifa ya St. Louis, Missouri, nchini Marekani. Mtaa wa The Hill ulijengwa na wahamiaji wa Kiitalia, wengi wao kutoka Lombardia na Sisilia, na tangu miaka ya 1940 mikahawa ya hapo imekuwa ikigombania nani aliyekaanga kwanza. Ravioli huchovywa kwenye yai na maziwa, hugaragazwa kwenye chenga za mkate, kisha huzamishwa kwenye mafuta. Huitwa za kubanika ingawa hakuna anayezibanika.

Maziwa yale yana kazi. Mwaka 1912 mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard alieleza jinsi sukari na amino asidi zinavyokutana kwenye joto na kuzaa rangi ya kahawia. Mmenyuko huo hushika kasi ukipita nyuzijoto 140 hivi. Ravioli ya kuchemsha haivuki 100, kwa hiyo itabaki nyeupe hata uichemshe hadi kesho. Kwenye mafuta, ganda likishapoteza maji yake linaruhusiwa kupanda juu ya 100, na maziwa yanaleta sukari na protini za ziada mahali panapohitajika.

Kaanga chache kwa wakati mmoja, dakika mbili au tatu, ukizigeuza. Tazama mapovu kuliko saa: mwanzoni ni makubwa na ya fujo, kisha hupungua kadiri ganda linavyokauka. Yakianza kuwa madogo na rangi imeiva, epua. Ukingoja yaishe kabisa, ganda litakuwa gumu na mjazo utakuwa umeanza kuchemka, na ndipo utakaposikia mlipuko.

Hapa panatokea jambo linalowashangaza wengi. Mvuke unapotoka kwa nguvu, huyasukuma mafuta yasiingie. Watafiti waliochunguza vipande vya viazi waligundua kwamba sehemu kubwa ya mafuta huingia baada ya kuepuliwa: ganda linapopoa, mvuke uliobaki kwenye vitundu hurudi kuwa maji, shinikizo linashuka, na mafuta yaliyoshika nje yananyonywa ndani. Kwa hiyo sekunde za kwanza nje ya karai zina thamani. Kung'uta kijiko cha matundu juu ya karai zikiwa bado moto, kisha ziweke kwenye waya au karatasi. Kuzirundika kwenye bakuli ni kuzifungia mvuke zijiloweshe zenyewe.

Maji hayohayo ndiyo hatari kubwa ya jikoni. Mafuta yakishika moto, zima jiko na ufunike karai kwa kifuniko cha chuma. Usimwage maji kamwe. Maji ni mazito kuliko mafuta, yatazama, yatageuka mvuke kule chini na kurusha mafuta yanayowaka hadi darini. Kwa sababu hiyohiyo, kwa kiwango kidogo, ravioli zilizotoka kwenye friza zipanguswe barafu ya nje kabla ya kutumbukizwa.

Baada ya kukaangwa, muda ni mfupi. Mjazo una maji mengi na ganda halina, na maji huhamia kwenye ukavu, kwa hiyo ndani ya robo saa ule ukakamavu umepungua. Mchuzi wa nyanya uwekwe kwenye kibakuli cha pembeni, kila mtu achovye kipande anachokula. Na zile zilizobaki bila kukaangwa, zichemshe kesho dakika tatu kwenye maji ya chumvi na uzimwagie siagi. Rangi hazitapata, ila ladha ya bata itasikika zaidi.